General Motors: Waliojua Walikuwa Ndani

Ukipanda matatu katikati ya Nairobi kufuata Barabara ya Mombasa, utapita steji ambayo mpaka leo inaitwa GM. General Motors (GM) yenyewe, kampuni ya magari ya Marekani, ilishaondoka. Mwaka 2017 iliiuzia Isuzu ya Japani hisa zake, asilimia 57.7, na kiwanda kikageuzwa jina kuwa Isuzu East Africa. Jina la zamani limebaki midomoni mwa makondakta. Na hata enzi za GM, kilichokuwa kikitoka getini pale kilikuwa Isuzu zaidi kuliko kitu kingine: pikapu, malori, mabasi ya abiria. Wazee wanaolikumbuka lori la Bedford nao walikuwa wakiendesha mali ya GM bila kujua, maana Bedford ilitengenezwa na Vauxhall ya Uingereza, na Vauxhall ilinunuliwa na GM mwaka 1925. Afrika Mashariki imeijua kampuni hii kama mpangaji anavyomjua mwenye nyumba aishiye mbali: kodi inamfikia, sura yake haionekani.

Kwao Marekani sura inaonekana vizuri, na watu wamegawanyika juu yake. Wapo wanaosema GM ndiyo iliyomjengea nyumba mfanyakazi wa kawaida, ikamsomeshea watoto na kumlipia matibabu. Wapo wanaosema ni kampuni iliyoua watu kwa kubana senti. Nimezisoma hoja za pande zote mbili kwa muda, na naona zinakosea mahali pamoja. Zote zinaiona GM kama mtu mmoja mwenye nia moja, njema au mbaya. Mimi naona nyumba kubwa yenye vyumba vingi, ambamo karibu kila mara mwenye kujua ukweli alikuwemo, ila katika chumba ambacho hakuna aliyewajibika kukisikiliza.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1908 na William Durant, mtengeneza mikokoteni ya farasi wa mji wa Flint, Michigan. Durant alikuwa mnunuzi. Alikusanya Buick, Oldsmobile, Cadillac na nyinginezo kwa kasi iliyowatisha wenye benki, wakamwondoa mwaka 1910. Akajipenyeza tena kwa kutumia Chevrolet, akaondolewa mara ya pili mwaka 1920. Aliyeupanga ukoo huo wa makampuni ni Alfred Sloan, aliyeshika urais wa kampuni mwaka 1923. Henry Ford alikuwa akimuuzia kila mtu gari lile lile. Sloan akapanga magari kama ngazi, Chevrolet chini na Cadillac juu, ili mtu akipanda cheo apande na gari. Akawa anayabadilisha sura kila mwaka, na asiye na fedha taslimu alikopeshwa na kampuni ya mikopo ambayo GM ilikuwa imeifungua mwaka 1919. Kila tawi lilijiendesha lenyewe, kamati zikiliangalia kwa juu. Mpango huo ulifanya kazi kuliko wowote uliotangulia: kufikia 1962, takriban nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya GM, na kuanzia 1931 hadi 2007 hakuna kampuni duniani iliyouza magari mengi kuiliko.

Ila kamati ni kitu cha ajabu. Husambaza kazi vizuri, na lawama pia.

Chukua mtu mmoja tu, Charles Kettering. Kabla yake, gari liliwashwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono wa mtu. Kettering alibuni stata ya umeme, Cadillac ikaifunga kwenye magari yake ya mwaka 1912, na tangu hapo hata asiye na misuli akaweza kuendesha. Huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara ya utafiti ya GM mwezi Desemba 1921, pale Thomas Midgley alipogundua kwamba ukitia kidogo cha mchanganyiko wa madini ya risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Midgley mwenyewe alilazimika kupumzika mapema mwaka 1923 kwa sababu ilimdhuru. Njia nyingine ilikuwepo, alkoholi, na maabara ile ile ilikuwa imeifanyia majaribio. Tatizo ni kwamba hakuna awezaye kujimilikisha alkoholi kwa hati ya ubunifu. Kila mwenye shamba la mahindi anaweza kuipika. Risasi ilikuwa na hati, na jina la biashara, Ethyl, ambalo kwa makusudi halikutaja risasi. Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili katika kiwanda cha Standard Oil huko New Jersey kilichokuwa kikitengeneza dawa hiyo. Siku chache baadaye Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyo, akaivuta puani kwa dakika nzima, akawaambia haina neno. Kamati ya madaktari ikateuliwa, na mwaka 1926 ikasema haioni sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, huku ikitaka uchunguzi uendelee. Dunia ikaivuta kwa miongo. Kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza, Algeria, iliacha mwaka 2021. Aliyekulia kando ya barabara ya Nairobi au Dar es Salaam miaka ya 1980 aliivuta hewa hiyo, awe na gari au asiwe nalo.

Watetezi wa GM wana jibu, na si la kupuuza. Wanasema kampuni iliyoitia risasi ndiyo pia iliyosukuma itolewe. Mwaka 1970 rais wake, Ed Cole, alitaka wenye mafuta walete petroli isiyo na risasi, kwa sababu risasi inaharibu kifaa cha kusafishia moshi ambacho GM ilikusudia kukifunga kwenye magari yake. Kufikia magari ya 1975 kikawa kimefungwa. Ni kweli. Ila tazama kilichoisukuma kampuni: risasi iliyodhuru watu ilivumiliwa miaka hamsini, na iliyodhuru kifaa ikaondolewa. (GM ilikuwa imekwisha kuuza sehemu yake ya kampuni ya Ethyl mwaka 1962, kwa hiyo hata mfuko haukuuma.)

Mfano wa pili hutajwa na kila mtu, na nadhani hutajwa vibaya. Corvair, gari dogo lenye injini nyuma, lilitoka kwa mwaka wa 1960. Matairi yake ya nyuma yaliweza kukunja ndani kwenye kona kali, na gari likamshinda dereva. Mwanasheria kijana Ralph Nader aliandika juu yake mwaka 1965. GM ikaajiri wapelelezi wamfuate, wamchunguze maisha yake ya faragha. Ilipofichuka, rais wa kampuni, James Roche, aliomba radhi mbele ya maseneta Machi 1966, na baadaye kampuni ikamlipa Nader dola 425,000. Sheria ya usalama wa magari ikapitishwa mwaka huo huo. Kinachosahauliwa ni kwamba mwaka 1972 idara ya serikali ya usalama barabarani iliijaribu Corvair ya matoleo ya mwanzo, ikakuta uendeshaji wake si mbaya kuliko magari mengine ya wakati wake. Mashabiki wa GM huipepea ripoti hiyo kama bendera. Mimi naiona inaiumbua zaidi kampuni. Kama gari lilikuwa la kawaida, wapelelezi walikuwa wa nini? Na kipande cha chuma cha kuituliza nyuma, ambacho wahandisi walikuwa wanakijua, kilifungwa mwaka 1964, gari likiwa limekwisha kuuzwa miaka minne bila hicho.

Wengi humtupia lawama mfanyakazi. Eti chama cha wafanyakazi, kilichoibana GM kwa mgomo wa kuketi ndani ya viwanda vya Flint kwa siku 44, kuanzia Desemba 1936, ndicho kilichoinywa damu mpaka ikafilisika. Pensheni na bima ya afya zilikuwa mzigo kweli, hilo halina ubishi, na zilipoahidiwa mwaka 1950 hakuna aliyedhani Wajapani watakuja. Lakini kuna kiwanda cha Fremont, California. GM ilikifunga mwaka 1982 kwa sababu kilikuwa aibu: watu hawaji kazini, wanakunywa pombe kazini, magari yanatoka na kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na sehemu kubwa ya waliorudi ni wale wale wa zamani. Tofauti ni kwamba sasa mfanyakazi yeyote akiona kosa alivuta kamba, na mstari mzima ukasimama mpaka lirekebishwe. Muda si mrefu kiwanda hicho kikawa kinatoa magari bora kuliko karibu viwanda vyote vya GM. Mabosi walitumwa kukitazama, wakarudi makwao, na kwa miaka mingi kamba ikavutwa Fremont peke yake.

Sasa tuje kwenye ufunguo.

Mwaka 2002 mhandisi wa GM alipitisha swichi ya kuwashia gari iliyokuwa legevu kuliko kiwango chao wenyewe. Ikafungwa kwenye Saturn Ion, kisha Chevrolet Cobalt. Funguo zikiwa nzito, au goti likizigusa, au gari likirukia shimo, swichi ilijirudisha yenyewe: injini inazima, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa inayomkinga dereva haifumuki. Malalamiko yalianza mapema. Mwaka 2005 wahandisi walipendekeza marekebisho, yakakataliwa kwa hesabu ya gharama, ingawa kifaa kilikuwa cha chini ya dola moja. Wauzaji wakashauriwa wawaambie wateja wapunguze vitu kwenye mnyororo wa funguo. Mwaka 2006 swichi ikabadilishwa kimyakimya, lakini namba ya spea ikaachwa ile ile, na aliyelinganisha magari ya zamani na mapya hakuona tofauti kwenye karatasi. Iligunduliwa mwaka 2013 na mtaalamu aliyeajiriwa na wakili wa familia iliyofiwa, baada ya kuzifungua swichi mbili na kuziweka kando kwa kando. Magari yaliitwa kurekebishwa Februari 2014, yakafika milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124, na mwaka 2015 GM ikakubali kulipa serikali dola milioni 900.

Je, walificha? Ripoti ya mwanasheria Anton Valukas, aliyelipwa na GM yenyewe kuichunguza, ilisema hakukuwa na njama. Wengi waliicheka. Mimi naiamini, na ndiyo maana inanitisha. Kwa miaka, gari kuzima barabarani liliwekwa kwenye fungu la usumbufu kwa mteja, nje ya fungu la usalama, kwa sababu walioshughulikia swichi hawakuwa wanajua vizuri mifuko ya hewa inategemea nini. Ripoti ilitaja ishara mbili zilizozoeleka ndani ya kampuni. Moja ni kutikisa kichwa kwa GM: mkutanoni wote wanakubali jambo, na hakuna anayekwenda kulifanya. Nyingine ni saluti ya GM: mikono imekunjwa kifuani, kila kidole kikimwonyesha jirani. Aliyewahi kuzungushwa ofisi nne kutafuta muhuri mmoja hahitaji kutafsiriwa.

Mary Barra alikuwa na wiki chache tu katika kiti cha mtendaji mkuu mambo hayo yalipolipuka. Anastahili sifa kwa kuichapisha ripoti na kuwafukuza watu 15. Lakini kipo kipande kichungu. Kampuni ilikuwa imefilisika rasmi tarehe 1 Juni 2009, ikaokolewa kwa dola bilioni 49.5 za walipakodi, na serikali ilipouza hisa zake za mwisho mwaka 2013 ilikuwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10. Naamini uokoaji ule ulikuwa sahihi. Katika mwaka ule, kuiacha GM ianguke kungewazika pia watengeneza spea wanaowauzia Ford na Toyota. Ila mpango wa mahakama uliacha madeni mengi kwa kampuni ya zamani iliyobaki ganda, na GM mpya ikautumia huo kama ngao dhidi ya kesi za swichi zilizotokana na miaka ya nyuma. Ni mwaka 2016 tu ambapo mahakama ya rufaa iliipokonya. Walipakodi waliiokoa kampuni wakiambiwa ni yao, kumbe walipoumizwa nayo waliambiwa ni nyingine.

Oktoba 2014, miezi minane baada ya magari kuitwa, kiwanda cha injini cha GM kule Flint kiliacha kutumia maji ya bomba ya mji. Mji ulikuwa umehamia kwenye maji ya Mto Flint kupunguza gharama, na yalikuwa yakitia kutu vipuri vya injini. GM ilitafuta maji mahali pengine na kupewa ruhusa. Haikuficha lolote, gazeti la mji liliandika, na dhamana ya maji ilikuwa ya serikali. Wakazi, baadhi yao watoto na wajukuu wa walioketi kugoma ndani ya viwanda vile, waliendelea kuyanywa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2015, ilipothibitika kwamba maji hayo hayo yalikuwa yakiyala mabomba na kuwashushia watoto madini ya risasi.