Jimbo Lisilokuwepo Lina Historia Ndefu Kuliko Kijiji Chetu

Muuguzi mwenzangu hapa Leipzig alinifungulia daftari lake zamu ya usiku, wazee tunaowahudumia wakiwa wameshalala. Yeye na rafiki zake hukutana Ijumaa kucheza mchezo wa mezani wa kujifanya watu wengine: huyu askari, yule mchawi, mwingine mwizi. Wametunga dola nzima, yenye mfalme, majeshi na majoka yanayotema moto. Alitaka nijiunge nao, na kwa kuwa anajua nimetokea Moshi, mtoto wa wakulima, akanipangia niwe mkulima wa jimbo la pembezoni kabisa, kule barabara ya mfalme inakoishia. "Soma kwanza historia ya kwenu," akaniambia.

Historia ya kwetu! Daftari la mraba mraba, maandishi ya penseli, ramani iliyopakwa rangi kwa uangalifu wa mtoto wa darasa la tatu. Jimbo linalima shayiri na mbaazi. Dola ililiteka kwa sababu jeshi lilihitaji nafaka. Kuna orodha ya magavana, na mmoja ameandikiwa pembeni kwamba aliongeza ukubwa wa pishi la kupimia kodi bila kumwambia mtu. Kuna mwaka wa mafuriko, kuna mfereji uliochimbwa na wafungwa, kuna bei ya shayiri mwaka kwa mwaka. Kuna na uasi wa wakulima, ulioshindwa kwa sababu mavuno yaliiva na wanaume wakarudi mashambani. Nikamuuliza majoka yako wapi. Akasema jimbo lile ni maskini mno, joka litakula nini?

Nilicheka. Halafu nikapanda hasira, na hasira yenyewe haijaisha, ndiyo maana mnanisoma.

Maana ndugu zangu, jimbo la mbali la wakulima ndani ya dola ya watu wengine ni sisi. Hatukuhitaji kutungiwa. Mwaka 1889 Hans Meyer, mtu wa mji huu huu ninaoishi, alifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akakipa jina la Kaisari wake na kurudi na jiwe la kumzawadia. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig wakaingia Uchagga, nchi yetu Wachagga. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya kibanda. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi (yaani mtawala wetu) Meli akanyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Mwaka 1911 reli ikafika Moshi mjini kutoka Tanga. Dola ikabadilika, akaja Mwingereza, na wakulima wa kahawa wakaunda chama chao mwaka 1925, kilichozaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Mwaka 1937 wakulima hao hao wakafanya ghasia kwa sababu walilazimishwa kuuza kahawa kupitia chama hicho hicho. Mtu gani anahitaji majoka hapo?

Sasa muulize kijana wa kwetu mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, unaopita nyuma ya kihamba chao, shamba lao la ukoo, ulichimbwa na ukoo gani, mangi akiwa nani. Atakwambia, "Ni wa zamani." Jibu limeisha. Muulize babu yake aliuzia wapi kahawa ile 1937 ya vurugu. Atakuuliza kama unaandika tasnifu.

Nawasikia. "Huyu kala viazi vya Ulaya, sasa anatuona washamba." Hapana, mama. Kwanza hawa wenyewe wana yao. Jamaa anayejua bei ya shayiri ya nchi isiyokuwepo hakuwa na habari kwamba askari wa nchi yake waliwanyonga viongozi wetu. Alidhani Kilimanjaro iko Kenya (hilo mtanisamehe, nilishindwa kuwa na adabu). Kwa hiyo siwasifii akili. Nawasifia penseli.

Tena nikamwelezea mfongo. Nikamwambia kwetu wazee waliyatoa maji mtoni juu mlimani, wakayapitisha ubavuni mwa kilima bila kifaa cha kupimia mwinuko, yakashuka hadi migombani. Kwamba kuna zamu, huyu asubuhi, yule jioni. Kwamba kuna kibwawa cha kukusanyia maji ya usiku. Kwamba siku ya kusafisha kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea anatozwa faini, na zamani faini ilinywewa: mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilisema kwa fahari, siwafichi, kifua kimenijaa. Yule bwana akavuta penseli yake. Akaanza kuandika. Akaniomba ruhusa ya kuziweka sheria za mfongo kwenye jimbo lake, kwa sababu zake za mfereji, alisema, zilikuwa za kitoto.

Nikampa. Sasa jamani nielewesheni: sheria za mfongo wa mababu zangu zimeandikwa kwa Kijerumani, kwa ajili ya wakulima wasiokuwepo. Ule mfongo wenyewe, mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, ulikuwa na chupa za plastiki na maji ya kulowesha kidole.

Mwingine ananiambia, "Historia yetu ni ya masimulizi, acha kutupima kwa kipimo cha Mzungu." Hoja hii ina uzito na siipigi teke. Mwaka 2023, vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa enzi za Mjerumani na kuhifadhiwa Berlin viliyaoanisha baadhi yake na familia za huko kwetu, na kichwa cha Meli mwenyewe kilikuwa bado hakijapatikana. Vipimo vile vingewezaje kufanyika kama kusingekuwa na wajukuu wanaojua kwa jina ni babu gani hakurudishwa? Mdomo ulifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Heshima yake naitoa.

Lakini masimulizi yanataka msikilizaji. Wajukuu wanapanda basi tarehe 23 Desemba, wanashuka mlimani Januari ikianza, na katikati hapo ni kipaimara, harusi, kikao cha ukoo, nyama. Kikao chenyewe ajenda tunaijua: michango, kisima, nani hajalipa, nani kajenga kuingia kwa mwenzake. Mzee wa miaka tisini anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, amewekewa mtori, anasalimiwa na foleni ya watu wanaokimbilia gari. Hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya "Babu, unanikumbuka?"

Na msiniambie kuandika ni mambo ya kuja. Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu alikaa na wazee akajaza madaftari kwa habari za mamangi, zaidi ya miaka mia iliyopita. Mchagga, kwa mkono wake. Waliofaidi zaidi madaftari yale ni wamisionari na watafiti kutoka nje. Sisi tumempa mtaa gani?

Historia tunayoiandika bila kukosa ni moja tu: wasifu wa marehemu. Mnaujua. Karatasi mbili zilizopigwa chapa usiku wa kuamkia mazishi, picha ya pasipoti imekuzwa mpaka sura imekuwa ukungu. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma mpaka darasa la nane, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto saba. Halafu aya nzima ya ugonjwa: presha ilianza lini, alilazwa wapi, akahamishiwa wapi, hali ikabadilika saa ngapi. Mtu aliyeona dola ikipita, aliyebeba kahawa kichwani, aliyetoa mtu siku ya mfongo miaka hamsini, tunajua kwa undani vipimo vyake vya sukari.

"Basi andika wewe, si una muda huko?" Sina muda, nina zamu za usiku, ila nilijaribu. Niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: kila nyumba ilete ukurasa mmoja, kihamba kilitoka kwa nani, mfongo upi, kahawa ilipandwa na nani, iling'olewa lini. Binamu wawili wakaweka vidole gumba. Shangazi akanikumbusha mchango wa sendoff. Halafu mjomba, ambaye kwa kawaida hutuma mistari ya Zaburi tu, akanipigia simu.

Alianza kwa kuuliza hali ya baridi. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, ukiandika babu yako alimpa nani kipande gani, umefungua kesi. Yale masale yaliyopandwa pale mpakani yana watu wawili wanaoyadai. Unataka niende mahakamani na karatasi yako?"

Nikanyamaza, kwa sababu hilo sikulitegemea na ni kweli tupu. Jamaa wa Leipzig anaandika magavana wake kwa raha zake, hakuna mjukuu wa gavana atakayemshtaki. Anahamisha mto kwa kifutio na hakuna anayelala njaa. Kwetu kila sentensi ina mwenyewe. Ukiandika "alipewa", kuna anayesoma "aliazimwa". Ukiandika "alihama", kuna anayesoma "alifukuzwa". Ndiyo maana wazee wetu hukohoa wakifika mahali fulani kwenye simulizi, wakaomba maji.

Lakini bado sikubali. Nikamwambia, sawa mjomba, viwanja tuviache. Tuanze na mfongo, ule ni wa wote, hauna ugomvi.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Mfongo, akasema, una kesi mbili.