Arobaini ya mtoto: mlango umefungwa kwa nani?

Wifi yangu alipojifungua, mama yangu alitoa amri moja: mtoto havuki kizingiti mpaka arobaini itimie. Amri ikatiiwa. Siku ya tisa nilipokwenda kumpa mzazi hongera, nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja lililozibwa kwa khanga, mtoto alikuwa anapita mkono hadi mkono: mashangazi, majirani, wanakikoba wenzake mama, na mtoto wa jirani mwenye kamasi. Kila mmoja anambusu, anaacha hela ya sabuni, anampokeza mwenzake. Mtoto hakutoka nje, kweli. Ila nje yote ilikuwa imeingia ndani.

Suala la lini kichanga atolewe huzua ubishi karibu kila nyumba yenye mzazi. Wakubwa wanahesabu siku. Mabinti wa mjini na ndugu walio ughaibuni wanacheka: mbona Uingereza siku ya tano mtoto yuko dukani na mama yake, na wanakua vizuri tu?

Wakubwa hawakukurupuka. Mtoto wa wiki tatu anaishi kwa kinga ya kuazima, ile aliyoipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, na kwa baadhi ya magonjwa kinga hiyo ni haba. Kifaduro ni mfano mzuri. Kwa mtu mzima kinaweza kupita kama kikohozi sugu tu, akaendelea na kazi zake. Kwa kichanga kinaweza kukata pumzi, na chanjo yake ya kwanza, iliyo ndani ya ile sindano ya magonjwa matano, hutolewa wiki ya sita. Tena mwili wa mtoto mchanga haujui kujipasha joto vizuri. Unatakiwa ukae kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na yeye hawezi hata kutetemeka kama sisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 walifariki kabla ya kufikisha mwezi mmoja, takribani robo tatu yao ndani ya wiki ya kwanza. Hofu ya bibi ina msingi.

Halafu kuna jambo ambalo wanaoicheka arobaini hulisahau: arobaini ni ya mama kabla haijawa ya mtoto. Ni siku za kukandwa kwa maji ya moto, za uji wa pilipili manga, za kutobeba ndoo. Kwa Wachaga mzazi hulishwa mtori na kulelewa hata miezi mitatu. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama ntilie hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake ni mama yake mzazi au mama mkwe anayesema “huyu bado hajatimiza arobaini” pale mume anapouliza chakula kiko wapi. Ukiifuta desturi hii kwa jina la usasa, jua unamfutia nani likizo.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo naachana na mama yangu.

Mwanangu wa kwanza alianza kuwa na macho ya njano siku ya tatu. Nikaambiwa ni kawaida, nimweke kwenye jua la asubuhi dirishani. Ni kweli kwamba watoto wengi hupata manjano kidogo yanayoisha yenyewe. Lakini yakianza ndani ya saa 24 za mwanzo, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, jua la dirishani si tiba. Huyo ni mtoto wa kukimbizwa hospitali. Nyayo za mwanangu zilikuwa zimevikwa soksi mchana kutwa. Tulikuja kuziona siku ya sita, tukatoka mbio na bajaji, na alilala chini ya taa za bluu siku tatu. Alipona. Nilichojifunza ni kwamba kilichotuchelewesha si ujinga, ni heshima: nilihofia kuvunja arobaini kuliko nilivyohofia ile njano.

Shirika hilohilo la afya linataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24, tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Hesabu mwenyewe: mara tatu kati ya hizo nne ziko ndani ya arobaini. Ongeza chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani. Inatakiwa itolewe mapema baada ya kuzaliwa, lakini kichupa kimoja huwa na dozi nyingi na kikishafunguliwa kinapaswa kutumika ndani ya saa sita, kinachobaki humwagwa. Ndiyo maana kwenye vituo vingi mama huambiwa arudi siku fulani ya wiki, watoto wakishakuwa wengi. Mama aliyefungiwa ndani harudi siku hiyo.

Na hiyo arobaini yenyewe imetoka wapi? Wengi wa pwani wanaitaja kama jambo la dini. Ninavyoelewa fikihi (sheria za ibada) ya madhehebu ya Kishafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi huku kwetu, siku arobaini ni muda uliozoeleka wa nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua, na mwisho wake unaweza kufika sitini. Damu ikikatika mapema mama anaoga na kuswali. Hapo mtoto hatajwi. Akika yake inasomwa siku ya saba, tena mbele ya watu. Kwa Wajaluo mtoto wa kiume hutolewa nje siku ya nne na wa kike ya tatu. Rwanda humtoa siku ya nane na kumpa jina huku watoto wa jirani wakialikwa kula. Wote hawa ni jirani zetu, na watoto wao wana mapafu kama ya wetu. Idadi ya siku imetokana na mila. Hakuna kitu kwenye mwili wa mtoto kinachobadilika ghafla alfajiri ya siku ya arobaini na moja. (Ingawa lazima nikiri, wiki sita za kliniki ni siku 42. Bibi zetu walikaribia.)

Hoja ya Uingereza nayo ina tundu. Ni kweli huko wazazi huambiwa watoke na mtoto mara tu mama anapojisikia yuko sawa. Lakini siku za mwanzo mkunga hugonga mlango wa nyumba yao, na baadaye huja muuguzi wa watoto. Huku kwetu huduma haikufuati. Unaifuata wewe, na mara nyingi kwa daladala la saa moja asubuhi lenye abiria waliosimama mpaka mlangoni. Kusukuma kigari cha mtoto kwenye njia ya miguu yenye upepo si sawa na kukalia kigoda cha pembeni huku mtu anakukoholea utosini.

Kwa hiyo swali la “siku ngapi?” nadhani limeulizwa vibaya. Kinachomdhuru mtoto ni pumzi na mikono ya watu wengi, na moshi, popote vilipo. Kuketi naye chini ya mwarobaini uani, kafunikwa vizuri, siku ya kumi, kuna hatari ndogo kuliko kumlaza chumba kimoja na jiko la mkaa. Harusi, msiba, ibada iliyofurika, gulio: hizo zisubiri arobaini, na zikisubiri mpaka chanjo ya wiki ya 14 hakuna atakayepungukiwa. Aliyezaliwa njiti ana hesabu yake, muulize daktari wake. Kliniki haina arobaini. Na mtoto anayekataa kunyonya, mwenye joto, aliyepoa kupita kiasi, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au aliyelegea, hana cha kusubiri hata usiku wa manane.

Kuhusu zongo na kijicho, mimi siamini, lakini nimeona hofu yake ikifanya kazi nzuri kuliko bango la zahanati: mama anayeogopa macho ya watu hampitishi mwanawe mikononi mwa watu kumi. Ila wanja wa kumkinga upakwe kwenye nguo kama lazima. Baadhi ya wanja huwa na madini ya risasi, na mtoto hujifuta usoni kisha akanyonya vidole.

Siku ile nilimvuta mama pembeni nikamweleza haya, kwa upole, maana ni mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwongozo wa afya unaolijibu: “Na nani atawaambia wageni warudi?” Wifi yangu ana miaka ishirini na miwili, ameolewa mwaka jana. Hawezi kumwambia shangazi mtu mzima asimbusu mjukuu wake. Kaka yangu ndiyo kabisa.

Kesho yake nilipita tena. Kiti cha mama kilikuwa kibarazani, kimeziba mlango, na ndoo ya maji na sabuni pembeni. Anapokea hongera, anapokea hela ya sabuni, anawaambia wageni mtoto amelala. Jumatano, siku ya chanjo, alikiondoa kiti chake mwenyewe asubuhi na mapema, akaita bajaji.