Watoto 100 au 400? Ugonjwa adimu wa ini na hesabu ya kuazima

Kuna watoto wachanga ambao mirija yao ya nyongo huziba wiki za mwanzo za maisha; kitaalamu ugonjwa huu huitwa biliary atresia. Nyongo hukosa njia, ini huharibika, na wasipopasuliwa wengi hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Ulaya Magharibi ugonjwa huu humpata mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Taiwan ni takriban 1 kati ya 5,000 hadi 6,000. Polinesia ya Ufaransa inakaribia 1 kati ya 3,000, ingawa visiwani humo vizazi ni vichache mno. Wagonjwa wawili wakizidi, hesabu yote inayumba.

Wapo wanaodai kwamba tofauti hiyo ni ya utafutaji tu. Tangu 2004 wazazi nchini Taiwan hupewa kadi yenye picha za rangi za choo cha mtoto, ili watambue choo cheupe ambacho ni dalili ya ugonjwa huu, na anayetafuta sana huona vingi. Hoja hiyo ina uzito, lakini hainitoshi. Uingereza nayo huhesabu vizuri: tangu 1999 watoto hawa hupelekwa London, Birmingham au Leeds tu. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kupoteza theluthi mbili ya wagonjwa wake. Naamini Asia Mashariki inao wengi zaidi kweli, iwe ni kwa nasaba, virusi au vyote viwili.

Tuje kwetu. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ukiazima kiwango cha chini cha Ulaya unapata wagonjwa 100 na ushee. Ukiazima cha Taiwan, 400. Wodi haiwezi kutuamulia, maana huhesabu waliofika tu. Mtoto akiwa na manjano, mama huambiwa amwoteshe jua. Kwa wengi manjano hayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili, kwa hiyo ushauri huonekana umefanya kazi. Huyu mwingine, mwenye choo cheupe na mkojo uliokolea, huendelea kuota jua mpaka tumbo livimbe. Wengine hufa bila ugonjwa wao kujulikana kabisa.

Siku ndizo zinazoumiza. Upasuaji aliouasisi Morio Kasai huko Japani miaka ya 1950, wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini, hufaulu zaidi kabla mtoto hajafikisha siku 60.

Anayepinga kampeni ya kuleta kadi kama ya Taiwan hapa kwetu atauliza: kwa nini tuhangaike na wachache hawa wakati nimonia na uzazi kabla ya wakati vinaua maelfu? Hilo halinitishi sana, kwani kadi ni karatasi tu. Linalonitisha ni jingine: muuguzi aione rangi mbaya, kisha asiwe na maabara ya kupima bilirubini, ile kemikali ya damuni inayoleta manjano, wala daktari wa kumpasua mtoto. Hata akipasuliwa, wengi baadaye huhitaji kupandikizwa ini, na gharama yake familia nyingi haziiwezi.

Kwa hiyo nisingeisambaza nchi nzima kwa mpigo. Ningeanza karibu na hospitali zenye mabingwa wa upasuaji wa watoto, Dar es Salaam kwa mfano. Kila mtoto mwenye manjano yaliyopita wiki mbili apimwe bilirubini, na kila jibu liandikwe, hata la asiye mgonjwa.