Siti Namba Moja, Abiria Wawili

Shemeji yangu konda keshawatangazia kwamba nimeuza basi zima mara mbili. Muongo! Siti saba tu. Sasa nisikilizeni mwenyewe.

Ile programu ya tiketi pale stendi ya Kange, Tanga, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, ya zamani, na hesabu ya siti inakaa kwenye kumbukumbu yake tu. Ukiizima, imepotea. Ndiyo maana bosi hataki iguswe kabla basi la alfajiri la Dar halijaondoka. Nauli ikapanda, nikamwambia, "Mzee, siizimi. Nabadilisha moduli, kile kipande chake cha nauli, hukuhuku inafanya kazi." Nilivyojishaua, ungedhani mimi daktari wa upasuaji wa moyo.

Perl huandika kwenye orodha yake, %INC, kila moduli iliyokwisha kupakia. Ukiiambia require, yaani pakia, tena, inakupuuza: hiyo ninayo. Basi unafuta jina humo, ndipo inakubali kusoma faili upya. Nikafuta jina la Nauli.pm, moduli ya nauli, nikapakia. Tiketi ikatoka na nauli ileile ya zamani!

(Watu wa Perl, acheni kucheka. Najua. Programu kuu ilishachukua ile fanksheni ya kutoa nauli tangu inawashwa, na imeng'ang'ania ya kale.)

Saa kumi na moja alfajiri, tumboni chai ya rangi tupu, hilo mtu utaliwaza saa ngapi? Nikafuta na kupakia upya moduli zetu zote. Maonyo ya "redefined" yakamiminika, nikayapokea kama pongezi.

Juu kabisa ya Siti.pm, moduli ya hesabu ya siti, pameandikwa: our $siti = 0;

Faili ikisomwa upya, na huo mstari unatekelezwa upya.

Ndani ya basi, mama mmoja keshatulia siti namba moja, dirishani, viatu kavua, kapu la machungwa miguuni. Akapanda mzee wa kanzu. Akatazama namba. Akatazama tiketi. Akatoa miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akatazama tena.

"Mwanangu, hapo pangu."

"Shikamoo, mzee wangu. Pangu mimi."

Mama akafungua pochi, akatoa tiketi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua pole pole, kunjo moja baada ya jingine, basi zima likingoja. Namba moja. Ya mzee nayo namba moja. Shemeji, bila kuulizwa, akaninyooshea kidole dirishani: "Fundi yule pale, mwenye laptopu."

Mzee akanitazama kwa upole wote wa Kitanga. "Fundi, nimpakate au anipakate?"

"Subutu!" mama akasema.

Siti namba mbili wakasimama wawili. Namba tatu nao. Nikainamia laptopu kama naitafuta sindano.

Mzee akapewa kiti cha konda, shemeji akasimama njia nzima, waliobaki wakahamishiwa basi lililofuata. Bosi akapiga simu, akaniuliza jambo moja tu: angalau nauli mpya imeingia?

Haijaingia.