Mahari ya Miguu 16 na Pikapu ya Dizeli

Kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa mtu mwenye heshima zake katika kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, na heshima hiyo haikutokana na umri, wala elimu, wala ukarani wangu wa hesabu, bali ilitokana na pikapu ya dizeli niliyoinunua ikiwa imeshatumika vya kutosha huko ilikotoka. Ilikuwa na injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.8, isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuishindilia injini hewa, inayozungusha magurudumu ya nyuma peke yake, na ilipowashwa alfajiri iliwaamsha hata wale majirani ambao jogoo alikwisha kuwakatia tamaa. Mimi ngurumo ile niliitafsiri kuwa ni nguvu. Fundi wangu aliitafsiri kuwa ni nozeli zinazohitaji kusafishwa.

Pale kijiweni nilikuwa na hotuba yangu, na wazee waliijua kama wanavyoijua bei ya kashata. Nilieleza kwamba injini ya dizeli haina plagi za cheche, kwamba huibana hewa mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe, na kwamba kwa sababu hiyo huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Malori yanayopanda mlima Kitonga ni ya dizeli, nilisema, na matrekta ni ya dizeli, na kwa hiyo pikapu yangu ni mdogo wao wa tumbo moja. Hadi hapo maelezo yangu hayakuwa na kosa kubwa, isipokuwa hilo la undugu, kwa maana hata paka na simba ni wa ukoo mmoja lakini hakuna mfugaji anayemwachia paka zizi usiku.

Sasa, mimi nilioa mwaka 2014, na katika mahari yangu walikuwa wamebaki ng'ombe wanne, ambao kila mwaka niliahidi kuwapeleka baada ya mavuno na kila mwaka mavuno yalipita. Nilipojaribu kutuma fedha kwa simu, baba mkwe alizirudisha siku hiyo hiyo pamoja na ujumbe kwamba zizi lake lina mlango lakini halina namba ya simu. Ndipo mwezi wa Agosti uliofuata, mimi na shemeji yangu tukaenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, tukala nyama choma kama ilivyo ada ya mahali pale, tukanunua mitamba watatu wa kienyeji na fahali mmoja aliyekuwa na damu ya Borani, mwekundu, mwenye nundu kubwa na uso wa mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Mwenye lori alitaka shilingi 150,000 kuwafikisha ng'ombe wale kijijini kwa wakwe, upande wa Mvumi. Nilimcheka kwa sauti, mbele ya watu. Nilikuwa na pikapu ya dizeli, na nilikuwa nimeshaazima tela kwa jirani.

Tela lenyewe linahitaji maelezo kidogo. Lilichomelewa mtaani kwa vyuma vizito vya kila asili, likawekewa ekseli moja tu, na halikuwa na breki ya aina yoyote. Juma moja kabla ya safari nilimpelekea fundi ili anifungie ndoano ya kulivutia. Ninakiri kwamba aliniambia kila kitu. Kwanza alikataa kuifunga ndoano kwenye bampa, akaishikiza kwenye chasisi, akisema kwamba bampa ni pambo. Kisha akauliza, "Mzee, litabeba nini, na lina breki?" Nilipomjibu kwamba gari lenyewe lina breki, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kuvuta ndiyo kazi ndogo kuliko zote, kazi yenyewe ni kusimama, na kulizuia tela lisiamue safari. Akaniambia kwamba huko Uingereza tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuzidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari linalolivuta, kutegemea ipi ni ndogo. Nikamkumbusha kwamba tuko Dodoma. Akakubali kwamba tuko Dodoma, akaongeza kwamba hapa tuko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hata haijafungiwa kitu. La mwisho aliloniambia ni kwamba mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, ili kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela ikalie ndoano. Nilimlipa, nikamshukuru, nikayasahau yote kabla sijafika Majengo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ni karani wa hesabu. Mtamba wa kienyeji ana kilo kama 200, na walikuwa watatu. Fahali yule tulimkadiria kilo 450. Tela likiwa tupu lilikuwa na nusu tani. Jumla ni kilo 1,550. Pikapu yangu, pamoja na mimi na shemeji na nyama tuliyofungiwa, ilizidi hapo kwa kidogo mno. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu angeifanya kwa vidole, lakini mimi niliifanya Jumatatu, nikiwa kazini, na hapo ilikuwa haimsaidii mtu.

Wakati wa kupakia, fahali alikataa kutangulia. Tulimsihi, tukamvuta, tukamsukuma, na vijana wawili wa mnadani walimzungusha mkia, lakini alisimama pale kama hati ya kiwanja. Mwishowe tukawatanguliza mitamba, naye alipoona wenzake wameingia akapanda mwenyewe, taratibu, akasimama nyuma kabisa, matako yake yakiegemea mlango. Kwa namna hiyo kitu kizito kuliko vyote kikakaa mbali kuliko vyote na mahali alipopataja fundi. Nyuma ya pikapu ikainuka. Nilizunguka nikachuchumaa kuzitazama springi, nikaona hazijalala hata kidogo, bali zimeinuka kuliko zilivyokuwa gari likiwa tupu. Nikamwita shemeji nikamwonyesha. "Unaona, shemeji?" nikamwambia. "Ng'ombe wanne, na gari halijahisi kitu." Shemeji alitikisa kichwa kwa mshangao, na mshangao wake ulikuwa wa haki, ila tu sote wawili hatukujua tunashangaa nini.

Kwenye lami tulikwenda vizuri hadi mwendo wa kilometa 40 kwa saa. Nilipofika 60, tela lilianza kuyumba, kwanza kidogo, kisha kwa bidii, kama mtu aliyetoka kilabuni akajikuta kwenye gwaride. Baadaye fundi alinieleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya tela lenye mzigo nyuma, na kwamba dawa yake ni kuachia mafuta polepole na kuushika usukani usicheze, bila kukanyaga breki kwa pupa. Mimi nilikanyaga breki kwa pupa. Tela, ambalo kama nilivyosema halikuwa na taarifa yoyote kuhusu breki, likaendelea na safari yake likitusukuma, na taa nyekundu iliyokuwa mbele yetu tukaitazama ikiwa nyuma yetu. Dereva mmoja wa bodaboda alituamkia kwa maneno ambayo shemeji, kwa heshima, alijifanya hakuyasikia.

Tuliacha lami, tukaingia barabara ya vumbi, na baada ya mwendo wa kutosha tukafika kwenye korongo. Anayezijua njia za Dodoma anajua makorongo yetu: masika hupitisha maji ya kuchukua ng'ombe na mwenye ng'ombe, na Agosti huwa ni mchanga mkavu mwororo kama unga wa mtama. Nilishuka kwa gia ya pili, nikitarajia injini ishikilie. Hapo nikajifunza kwamba injini ya dizeli, kwa kuwa kwa kawaida haina mlango wa kuizibia hewa pale unapoachia mafuta, haizuii gari kwenye mteremko kama watu wanavyodhani, na ndiyo maana malori makubwa hufungiwa breki za ziada za moshi. Tulifika chini mapema kuliko nilivyopanga.

Ng'ambo ya pili ndipo palipokuwa na kesi. Nilitia gia ya kwanza, tukaanza kupanda, na kwa kuwa mwinamo huwarudisha nyuma wote walio juu yake, mitamba watatu wakateleza wakamfuata fahali mlangoni. Ndoano ikanyanyuka. Magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo pekee yenye kazi katika gari lile, yakapoteza uzito, yakaanza kuzunguka bure na kuwarushia mchanga ng'ombe wa watu. Nikaongeza mafuta. Moshi mweusi ukajaa korongoni, mshale wa joto ukapanda vizuri kuliko sisi, na ikaja ile harufu ya klachi inayoungua, ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau, maana ni harufu ya mshahara.

Nilimwomba shemeji apande akalie bodi ya nyuma ili aongeze uzito. Shemeji ana kilo 70 na ni mtu mtiifu. Alipanda, akakaa, akashikilia. Injini ikazimika. Nikavuta handibreki, nayo ikafunga magurudumu ya nyuma kama inavyotakiwa, ila magurudumu ya nyuma yalikuwa yamegusa ardhi kwa adabu tu, na kwa hiyo sote tukaanza kurudi chini, taratibu, magurudumu yakiwa yamefungwa, bila haraka, kama watu wanaotoka msibani. Tela likakunjika upande kama kisu cha mfukoni. Komeo la mlango likakatika. Fahali akashuka kwa nyuma, akajikung'uta, akatutazama mara moja, akaondoka.

Mara tu uzito wake ulipotoka, nyuma ya pikapu ikadondoka kwa kishindo, na shemeji, aliyekuwa amekaa juu yake, akapaa. Alitua mchangani, akiwa amekaa vile vile kama alivyokuwa amekaa garini, na mikono yake bado imeshikilia kitu ambacho hakikuwepo.

Aliyetukuta ni kijana wa miaka kama 14, akitoka kuteka maji na mkokoteni wa punda wanne. Alisalimia kwa heshima zote, akalizunguka tela, akaangalia ekseli, akawaangalia mitamba, akauliza, "Baba, nani aliyempakia fahali nyuma?" Sikumjibu. Akaeleza, kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi ya bodaboda, kwamba mapipa yakikaa nyuma ya mkokoteni, mti hunyanyuka na punda huning'inia, hawezi kuvuta kwa sababu hana pa kukanyagia. Yakikaa mbele mno, humwelemea punda mgongoni. Kwa hiyo huwekwa katikati, yakalalia mbele kidogo. Maneno ya fundi, yote, pamoja na asilimia zake. Kijana yule hajawahi kuisikia hotuba yangu ya kijiweni, na nadhani ndiyo maana anajua kuvuta.

Akatuamuru tuwashushe mitamba, tulitenganishe tela, tupunguze upepo wa matairi, tuchimbe mchanga mbele ya magurudumu. Kisha akawafunga punda wake mbele ya pikapu yangu ya dizeli, mimi nikiwa usukanini na gia ikiwa huru, shemeji akisukuma nyuma huku akichechemea, na wale punda wanne wakaitoa korongoni kwa mafungu matatu. Alinitoza shilingi 20,000, yaani 5,000 kwa kila punda. Nilipomuuliza yeye mwenyewe anadai kiasi gani, alisema maelezo hakuyatoza.

Tuliingia kwa wakwe jioni, tukiwaswaga mitamba kwa miguu, na fahali tulimkuta ameshafika, kwa kuwa vijana wa machungani walimkamata na kila mtu katika kijiji alikuwa ameshajua ni wa nani. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda. "Mbukwa, mkwe," alinisalimia kwa Kigogo, kisha akaniacha nikae muda mrefu bila neno. Hatimaye alinisimulia kwamba baba yake alifanya kibarua Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, akaona kwa macho yake vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta vikishindwa na ardhi hii. "Walianza mwaka 1947, wakauacha 1951," alisema. "Wewe ulitaka uishinde Jumamosi moja?"

Klachi iligharimu mara mbili ya lile lori nililolicheka, na pikapu imepona. Bado ninaitumia kuvuta, lakini sasa ni tela dogo la kuazima lenye kreti za zabibu zisizozidi kilo 400, zimepangwa mbele kidogo ya ekseli, kwenye lami, na kazi hiyo inaiweza bila kulalamika. Lile tela kubwa lingali uani kwa baba mkwe. Kuku wanatagia ndani yake, na kila ninapopiga simu kumwambia kwamba mwenyewe analidai na nitakuja kulichukua, baba mkwe huniuliza kama nitakuja na gari au nitakuja na punda.