Picha Kurudi Si Televisheni Kupona

Tarehe 9 Julai 2006, siku ya fainali ya Kombe la Dunia kule Berlin, sebule yetu hapa Columbus, Ohio, ilijaa watu. Kwa saa za huku mpira ulianza saa nane mchana. Televisheni yetu ya projekta, inchi 51, lile kasha ambalo wanaume watatu hulibeba kwa kupumzika njiani, ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi siku tatu tu nyuma. Sauti safi, mwanga upo, kila mtu amepata pa kukaa. Wafaransa wakaingia na jezi nyeupe. Baba yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, akasogea mbele na kukaza macho.

"Mwanangu, huyu Zidane mbona ana kivuli chekundu huku na cha buluu huku?"

Ni kweli alikuwa nacho. Katikati ya skrini picha ilivumilika, lakini kadiri macho yalivyoelekea pembeni ndivyo mambo yalivyoharibika. Mstari wa chokaa karibu na kibendera cha kona ulikuwa umegawanyika mistari mitatu, kila mmoja na rangi yake, na ule wa buluu ulipinda kwenda juu kama upinde. Tukaangalia fainali nzima hivyo, hadi penalti. Baba hakulalamika tena, ila nilimwona akifumba jicho moja mara kwa mara, na lile jicho liliniuma mimi kuliko pesa niliyolipa.

Nilipompigia fundi, jibu lake lilikuwa kwamba televisheni ilikuja kwake ikiwa imeharibika, sasa inaonyesha, na kwa umri wake nisitarajie zaidi ya hapo. Jibu hilo nalikataa mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike. Fundi aliyebadilisha kifaa kilichoungua akaishia hapo, kwenye televisheni ya aina hii amefanya nusu ya kazi.

Ndani ya kasha lile hakuna picha moja. Kuna tyubu tatu ndogo, kwa kawaida za inchi 7 kila moja: nyekundu, kijani na buluu. Kila tyubu inachora picha nzima kwa rangi yake, inaipitisha kwenye lenzi, inaigonga kwenye kioo kikubwa kilichoinamishwa kwa nyuma, kisha picha inaangukia skrini kutoka ndani. Kijani iko katikati, inatazama mbele moja kwa moja. Nyekundu na buluu ziko kando, zinapiga kwa mshazari, kwa hiyo zikiachwa kama zilivyo picha zake zitakuwa zimelalia upande. Kinachozilazimisha zikae juu ya kijani ni saketi ya konvajensi. Inapeleka umeme kwenye koili zilizovishwa shingoni mwa kila tyubu na kuvuta mwale kushoto, kulia, juu na chini. Rangi tatu, kila moja kwa ulalo na kwa wima: njia sita. Kazi hiyo mara nyingi ilibebwa na IC mbili kubwa (vipande vyeusi vyenye saketi nzima ndani yake) za familia iitwayo STK, kila moja ikishughulikia njia tatu, zimefungwa kwenye bati la alumini kwa sababu zinachemka sana. Kwa sababu hiyo hiyo ya joto, ndizo zinazokufa kwanza.

Zangu zilikufa. Fundi wa kwanza akazing'oa, akapachika mpya, akawasha, akaona watu wanatembea kwenye skrini, akafunga kasha.

Wiki mbili baadaye nikampata fundi wa pili, kaka mmoja aliyejifunza kazi Lubumbashi. Alikuja nyumbani mwenyewe. Kabla ya kugusa kitu aliiwasha, akakaa kwenye kochi na kuomba maji ya kunywa. Baba akamwuliza anangoja nini. "Papa, tungojee kwanza ipate moto," akasema. Tulingoja nusu saa nzima. Picha ya tyubu husogea kidogo kadiri vifaa vinavyopata joto, na ukiilinganisha ikiwa baridi utakuwa umelinganisha bure.

Akaingia kwenye menyu ya mafundi kwa mpangilio fulani wa vitufe vya rimoti, akaleta chati ya mistari ya miraba. Rangi mbili zilitii. Buluu, kwa upande wa wima, ilikataa kabisa: anabonyeza, mstari haujongei. Akazima, akachomoa waya ukutani, akafungua nyuma na kushika mita ya kupimia umeme. Karibu na IC mpya kulikuwa na rezista moja, kifaa cha kubana umeme, isiyozidi punje ya mchele. Kwa macho ilikuwa nzima. Aliyeyusha risasi ya kulehemu, akainua mguu mmoja wa rezista hiyo, akapima, na mita haikusoma kitu. Imekatika. IC za konvajensi zikifa mara nyingi huondoka na rezista hizi, na ndiyo maana fundi makini hupima zote kabla hajaweka IC mpya. Akaibadilisha. Pia akafungua zile IC, akazipaka grisi nyeupe ya kupitisha joto iliyokuwa imepakwa kiduchu mno, akazikaza upya kwenye bati.

Halafu ikaja sehemu ambayo sitaisahau. Akazifunika lenzi za nyekundu na buluu, akaachia kijani peke yake, akainyoosha mpaka miraba yote ikawa miraba kweli. Akafunua nyekundu na kuanza kuilaza juu ya kijani, nukta baada ya nukta, na kila zilipokutana mstari uligeuka manjano. Kona ya juu kulia ilimchukua dakika nyingi kuliko skrini nzima. Mwisho akafunua buluu, na pale ilipokaa sawasawa juu ya manjano, mstari ukawa mweupe. Mweupe pepe, mwembamba kama uzi. Akahifadhi vipimo kwenye kumbukumbu, akazima, akawasha tena kuhakikisha havijapotea. Ilimchukua karibu saa mbili.

Najua mafundi wengi watasema saa mbili hizo hakuna anayezilipia. Basi zitajwe kwenye bei. Mwambie mteja: vifaa kiasi hiki, kulinganisha rangi kiasi hiki. Mimi ningelipa bila kinyongo. Ninachokataa ni kukabidhiwa kitu nusu huku nikiambiwa macho yangu yana madai makubwa.

Lawama nyingine naipeleka kwa watengenezaji. Menyu ile ilifichwa, na kitabu cha ufundi hakikuja na televisheni. Mteja alipewa kitufe cha kuifanya televisheni ijilinganishe rangi yenyewe, ambacho njia moja kati ya zile sita ikiwa imekufa hakiwezi kuokoa chochote.

Haki ya fundi nayo niiseme. Yapo matatizo ambayo konvajensi haiwezi kuyatibu. Kimiminika cha kupooza kilicho kati ya tyubu na lenzi kikichafuka, picha hupata ukungu wa rangi hiyo hata mistari ikae sawa namna gani. Vumbi kwenye kioo cha ndani hufifiza kila kitu, na kioo hicho kina utando wake wa kuakisi upande wa mbele, ukikisugua kwa kitambaa cha jikoni umekimaliza. Tyubu iliyoungua kwa nembo ya stesheni moja iliyokaa mno mahali pamoja haisafishiki. Mambo hayo fundi ayaseme mapema, kabla ya kupokea pesa, na mteja aonyeshwe.

Teknolojia yenyewe imeshaondoka. Sony ilitangaza Desemba 2007 kwamba inaachana na televisheni za projekta, na Mitsubishi, iliyobaki ikishikilia aina za baadaye zisizo na tyubu, ikaacha Desemba 2012. Lakini yetu iliishi miaka sita tangu siku ile. Jioni ya siku hiyo baba alivuta kiti mpaka karibu kabisa na skrini, chati ikiwa bado inawaka, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja mweupe kutoka kona hadi kona.

"Sasa imekaa," akasema, na akaniomba rimoti.