Theluji ya Katuba

Mimi ni mkazi wa Katuba, Lubumbashi, na theluji nimeiona kwenye kalenda tu. Hata hivyo, Julai mwaka jana niliwaandaa kuku wangu kuipokea, na majirani walioshuhudia usiku ule hadi leo huanza kucheka kabla sijawaitikia salamu.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Québec, Kanada, nje kidogo ya Sherbrooke, ambako usiku wa Januari baridi inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, na nyuma ya nyumba yake anafuga kuku wa aina ya Chantecler. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1908 na mtawa wa Oka, huko huko Québec, aliyeitwa Wilfrid Châtelain, ambaye alichanganya mbegu hii na ile hadi akapata kuku mwenye kilemba kidogo, kwa sababu kilemba kirefu ndicho hutangulia kuumwa na barafu. Jogoo wangu, kwa bahati mbaya, ana kilemba kama msumeno. Tunamwita Prefe, kwa kuwa hutembea uani kama mkuu wa shule aliyefunga mikono mgongoni.

Januari ile yaya alinitumia jumbe mbili za sauti kuhusu namna anavyowavusha kuku wake majira hayo. Wa kwanza uliingia: wapake mafuta ya mgando kwenye kilemba, tandaza maranda mengi sakafuni, zuia upepo usiwapige wakiwa wamelala, na uwawashie taa, maana mtetea anahitaji mwanga wa takriban saa 14 kwa siku ili aendelee kutaga vizuri. Wa pili ulikataa kufunguka kwa kuwa mega za intaneti zilikuwa zimeisha. Sikuurudia. Nilijiona nimekwisha kuhitimu.

Ilipofika Julai, baridi yetu ya kiangazi ikashuka, ile inayotufanya tutoke alfajiri na makoti kama watu wanaosafiri, na mitetea wangu saba wakapunguza mayai. Jumamosi moja alasiri nilichukua kopo la mafuta ya watoto, nikambana Prefe kati ya magoti, nikampaka kilemba. Kwa kuwa mafuta yalikuwa mengi, nikampaka na miguu. Mitetea nao nikawapaka vivyo hivyo, kisha nikawaachia wote juu ya maranda mapya niliyoyatoa kwa seremala. Lilikuwa kosa la mpangilio: maranda yaliwaganda kuanzia kucha hadi kichwani, na Mama Nyota, aliyekuwa akitazama toka upande wa pili wa ukuta, akashindwa kuvumilia.

"Baba Mapasa," akasema, "samaki nimewaona wakipakwa unga kabla ya kukaangwa. Kuku, tena wazima, leo ndiyo mara ya kwanza."

Sikumjibu. Nililizungushia banda turubai kutoka chini hadi kwenye bati bila kuacha hata tundu la kupitisha kidole, nikawasha taa, nikaingia ndani nikiwa nimeridhika mno.

Saa tano usiku Prefe aliitazama ile taa, akaamua kumekucha, akawika. Saa sita akawika tena, mara nne mfululizo, hadi jirani mmoja akapaza sauti gizani akiuliza shule ya huyo Prefe inafunguliwa saa ngapi. Saa saba umeme ukakatika. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu akalala. Mimi niliwaza kwamba kuku wangu sasa watakufa kwa baridi, nikajaza makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko letu dogo, yakakolea vizuri, nikaisukuma ndani ya banda na kulifunga turubai.

Kilichoniamsha baadaye hakikuwa kuwika bali kikohozi. Niliporarua turubai, moshi ulinipiga usoni kama niliyefungua tanuri, maranda yakiwa yanafukuta kuizunguka mbabula, na kuku wanane wakapita kati ya miguu yangu wakimeremeta kwenye mwanga wa mbalamwezi. Prefe aliruka juu ya ukuta, miguu yake yenye mafuta ikateleza, akarudi chini. Akaruka tena, akateleza tena, na safari ya tatu akaangukia ng'ambo, ndani ya beseni ambalo Mama Nyota alikuwa ameloweka nguo. Wakati huo majirani walikuwa wamefika na ndoo, na kwa kuwa gizani hakuna aliyejua hasa kinachoungua ni nini, walimwagia maji banda, wakawamwagia kuku, wakanimwagia na mimi.

Kuku wote walimalizia usiku sebuleni, wamefunikwa blanketi la mapacha wetu. Mke wangu, Mama Mapasa, hakusema neno. Alinyoosha tu kidole kuelekea lile kopo tupu la mafuta, akaenda kulala.

Saa tisa usiku, nikiwa bado nimelowa, nilimpigia yaya. Kwake ilikuwa saa tatu usiku, tena wakati wa joto. Alicheka hadi nikadhani simu imekatika, halafu akanieleza yaliyokuwa kwenye ujumbe wa pili: kwamba hawawekei kuku wake moto wowote, kwa kuwa kila kuku tayari ni jiko lenye nyuzi 41, kwamba huacha nafasi wazi juu, karibu na paa, ili unyevu wa pumzi na wa kinyesi utoke, na kwamba kinachoharibu vilemba ni unyevu zaidi kuliko baridi kavu, kwa hiyo kuku asilowe kwa vyovyote vile. Niliwatazama wangu. Walikuwa wakichuruzika juu ya kochi.

"Hebu niambie, mdogo wangu," akaendelea, "huku joto limefika nyuzi 30, na wangu wanahema midomo wazi tangu mchana. Nyinyi huko kwenye jua, Oktoba, huwa mnafanyaje?"

Nilikaa vizuri, nikakohoa kidogo kama mtaalamu, nikaanza kumwelekeza. Nilikuwa nimefika kwenye jambo la kwanza tu, mega zikaisha.